Lawama na Wajibu katika Maradhi ya Kiharusi

Lugha yetu ina methali mbili ambazo hazijapata kupatana. Moja yasema: Ajali haina kinga. Ya pili yasema: Tahadhari kabla ya hatari. Ya kwanza humfariji aliyekwisha patwa. Ya pili humwonya ambaye bado hajapatwa. Kila moja ikikaa mahali pake huwa hekima. Zikibadilishana mahali, zote mbili huwa sumu, kwa maana faraja hugeuka kuwa uvivu na onyo hugeuka kuwa masuto. Katika insha hii nataka kuzipima methali hizo kwa ugonjwa mmoja, yaani kiharusi, na hasa kiharusi kimpatacho mtu kabla hajafika miaka 50. Swali ninaloliweka mbele ya wasomaji ni hili: mtu huyo akianguka, je, anastahili huruma tupu, au ana fungu lake la lawama? Na ikiwa fungu lipo, je, ni lake peke yake?

Mzee wa miaka 80 akipatwa na kiharusi, jamaa zake huhuzunika lakini hawashangai. Wameuona umri ukimvuta taratibu. Mtu wa miaka 38 akianguka, huzuni huja pamoja na mshangao. Mshangao hudai sababu, na sababu isipopatikana upesi hutungwa. Wala jambo lenyewe si nadra kama tudhanivyo. Katika nchi tajiri, ambako wazee ni wengi, yakadiriwa kuwa wagonjwa 10 hadi 15 katika kila wagonjwa 100 wa kiharusi hawajapita miaka 50. Hao ndio watu walio katikati ya kazi, wenye watoto shuleni na wazazi wanaowategemea. Kiharusi cha mmoja wao huangusha nguzo waliyoiegemea watu wengi.

Kabla ya kuhukumu, ni haki kukijua kinachohukumiwa. Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote tuivutayo. Hauna ghala ya akiba. Huishi kwa kile uletewacho na damu dakika kwa dakika. Kiharusi ni kukatika kwa riziki hiyo, na hukatika kwa njia mbili: ama mshipa huzibwa na bonge la damu, ama mshipa hupasuka na damu ikamwagika. Sehemu iliyodhurika ikiwa ndiyo itawalayo mkono, mkono hulegea; ikiwa ndiyo itawalayo usemi, ulimi huasi.

Basi na tumchukue mtu wa kufikiriwa. Ana umri wa miaka 38, ana duka dogo la vitambaa Kariakoo, mke na watoto watatu, na mama mzazi anayemtazamia. Hajapata kulazwa hospitali maishani mwake. Asubuhi moja anataka kushika mswaki, mkono wa kulia hautii. Anataka kumwita mkewe, maneno yanatoka mazito na yasiyoeleweka. Mdomo umekwenda upande. Kabla jua halijawa kali, hukumu tatu zimekwisha kutolewa kando ya kitanda chake. Shangazi yake asema amerogwa, maana duka lilikuwa limeanza kusitawi na macho ya watu yalikuwa mengi. Jirani mcha Mungu asema ni kudura, na kudura haiulizwi maswali. Rafiki yake wa biashara, kwa sauti ya chini, asema amejitakia: ni sigara zake, nyama zake za usiku, na kukesha kwake.

Hukumu ya kwanza haifai kuchekwa, maana wengi huishika. Uchunguzi mmoja uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2008 ulilinganisha fikira za watu wa Dar es Salaam na za watu wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, juu ya chanzo cha kiharusi. Mjini wengi walikinasibisha na mashetani na uchawi; huko Hai wengi walitaja shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na dhiki za moyo. Wale wadhanio kuwa imani za kale hukaa shamba na elimu hukaa mjini wana la kufikiri hapo. Nadhani hukumu hii hupendwa kwa sababu ina upole ndani yake. Humwacha mgonjwa safi, hana kosa, na aibu yote huiweka juu ya adui asiyeonekana. Lakini bei ya upole huo hulipwa kwa saa. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa Marekani alikadiria kuwa, mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba na usizibuliwe, seli za ubongo kama milioni 1.9 hufa kila dakika. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini kwa kawaida hutolewa katika muda wa saa 4 na nusu tangu dalili kuanza. Tena haitolewi kabla kichwa hakijapigwa picha, kwani mwenye mshipa uliopasuka akipewa dawa hiyo aweza kuuawa nayo. Mgonjwa anayepitishwa kwanza kwa mganga, kisha kwa mganga wa pili, hufika hospitali wakati mlango huo umekwisha fungwa. Na nyumbani huachwa jirani asiye na kosa, aliyepewa jina la mchawi.

Hukumu ya pili nayo ina heshima yake. Ni kweli kwamba mwanadamu si mmiliki wa pumzi zake, na kuna msiba usio na faraja nyingine ila hiyo. Walakini neno la kudura ni la kusemwa baada ya juhudi, si badala yake. Mvuvi mcha Mungu humwomba Mola wake bahari shwari, lakini haachi kuziba tundu la ngalawa. Akiliacha tundu kwa hoja kwamba kuzama kumeandikwa, hatumwiti mcha Mungu. Twamwita mzembe aliyejificha nyuma ya dini.

Hukumu ya tatu ndiyo iliyo ngumu, kwa kuwa imevaa nguo za sayansi. Rafiki yule aweza kuleta ushahidi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 32 na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mambo 10 yanayoweza kurekebishwa yanafungamana na kama asilimia 90 ya hatari ya kiharusi duniani: shinikizo la damu, uhaba wa mazoezi, mafuta mabaya katika damu, chakula kisichofaa, unene wa kiuno, dhiki za moyo, tumbaku, maradhi ya moyo, ulevi na kisukari. Orodha hiyo yaonekana kuwa orodha ya dhambi. Rafiki atasema: asilimia 90! Si amejitakia huyu?

Hapa akili haina budi kwenda polepole. Kwanza, hesabu ya kundi si ushahidi juu ya mtu mmoja. Kusema kwamba tumbaku huongeza viharusi katika watu milioni moja ni kweli. Kusema kwamba tumbaku ndiyo iliyomwangusha fulani ni dai jingine, lihitajilo ushahidi mwingine. Lile wazo la mambo ya kuongeza hatari, ambayo siku hizi huitwa vihatarishi, lilipata nguvu katika mji wa Framingham, Marekani, ambako watu 5,209 walianza kufuatiliwa mwaka 1948 ili ijulikane ni nani watakaougua moyo na mishipa. Wataalamu wake walilitumia jina hilo mwaka 1961 kama kipimo cha uwezekano. Hawakukusudia liwe hati ya mashtaka. Sisi ndio tuliolitoa katika daftari ya hesabu tukalipeleka mahakamani.

Pili, kwa vijana orodha ina kurasa nyingine ambazo rafiki hakuzisoma. Mtoto mwenye selimundu aweza kupatwa na kiharusi kabla hajajua kuandika. Wako watu ambao vali za moyo wao ziliharibika kwa sababu ya maambukizo ya koo waliyoyapata utotoni, na baadaye moyo huo ukatupa bonge la damu kichwani. Wako wanawake wanaopatwa kwa ajili ya shinikizo la damu la ujauzito. Wako ambao mshipa wa shingo ulichanika ndani kwa ndani baada ya ajali, na wengine bila ya ajali yoyote ijulikanayo. Virusi vya Ukimwi huongeza hatari. Damu yenye tabia ya kuganda upesi huongeza hatari. Ni lipi katika hayo alilolitaka mgonjwa?

Tatu, na hili ndilo kiini cha insha hii, kihatarishi kikubwa kuliko vyote ni kile kisichohisiwa. Shinikizo la juu la damu huweza kukaa mwilini miaka kumi pasipo kumpa mwenyewe hata kichwa kuuma. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Lakini hapa si mtu aliyeyaficha maradhi, bali maradhi yaliyomficha mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, nacho hakiwashi. Kwa hesabu iliyotangazwa mwaka 2021 na Shirika la Afya Duniani, watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo la juu, na kama asilimia 46 yao hawakujua. Je, yawezekana mtu kuwa na hatia ya jambo asilolihisi?

Swali hili lina mizizi mirefu. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, aliona kwamba hatumsuti aliyezaliwa kipofu, ila twamsuta aliyepofuka kwa ulevi. Na tena kwamba kutojua kwenyewe huweza kuwa kosa, ikiwa mtu alikuwa na uwezo wa kujua akapuuza. Kwa kipimo chake, haitoshi kuuliza kama mtu alijua. Ni lazima kuuliza kama aliweza kujua.

Naye Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitufundisha kuzitilia shaka hisia zetu. Macho hutazama kivuli yakasema kimesimama, na baada ya saa moja twajua kwamba kilikuwa kikienda. Hutazama nyota yakasema ni sawa na dinari, na hesabu zikathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Mwenye duka wetu alipokuwa akisema kila asubuhi, "Mimi mzima," alikuwa akitegemea shahidi wa namna hiyo. Hakusema uongo, mwili wake ndio uliomshuhudilia uongo.

Lakini hesabu inayomsahihisha shahidi huyo haikuwapo siku zote, na hapa historia hutusaidia kuipima lawama. Mwezi wa Oktoba mwaka 1868 mtaalamu Louis Pasteur wa Ufaransa, akiwa na miaka 45, alipigwa na kiharusi kilichomdhoofisha upande wa kushoto. Chanzo chochote kiwacho, hakuwa na njia ya kupimwa shinikizo la damu kama tupimwavyo leo, kwani mkanda wa kufunga mkononi ulitangazwa na Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896, na njia ya kusikiliza mshipa kwa kifaa cha daktari ilielezwa na Korotkov wa Urusi mwaka 1905. Kutojua kwa Pasteur hakuna doa. Zama za pili zatolewa mfano na Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, ambaye hakuwa kijana. Mwezi wa Machi mwaka 1944 daktari wa moyo alimkuta na shinikizo la 186 kwa 108. Kipimo kilikuwapo, lakini dawa za kulishusha vema zilikuwa bado. Tarehe 12 Aprili, 1945, alikufa kwa kuvuja damu ubongoni, naye ana miaka 63. Kwake elimu ilikuwapo, na uwezo haukuwapo. Zama za tatu zilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, vilipopatikana vidonge vya kupunguza chumvi na maji mwilini. Na majaribio yaliyofanywa katika hospitali za askari wastaafu wa Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1967 na mwaka 1970, yalithibitisha kwamba kulishusha shinikizo hupunguza viharusi. Sisi tu watu wa zama hizo za tatu. Kipimo ni cha dakika chache na dawa nyingi zake ni za zamani. Jambo lililokuwa bahati kwa Pasteur na simanzi kwa Roosevelt limekuwa wajibu kwetu. Wajibu hukua pamoja na uwezo, kama kivuli kinavyourefukia mti.

Basi je, tumrudie rafiki yule tumwambie kwamba alisema kweli? La. Kama wajibu hupimwa kwa uwezo, hatuna budi kuupima uwezo wa kila mmoja kwa haki. Mwenye duka aliweza kuacha sigara, nayo ni kazi ngumu kwa aliyezianza akiwa mvulana, lakini inawezekana. Hapo ana fungu lake, na kumwondolea fungu hilo ni kumfanya mtoto mdogo. Lakini kupimwa damu kulimtaka afunge duka nusu siku kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuna aliyemwambia kuwa upo. Alisoma miaka saba au kumi na minne, na huenda hakuna mwalimu aliyemfundisha namba ya 140 kwa 90. Chumvi aliyokula hakuitia yeye. Ilikuwa imekwisha tiwa katika chipsi na mchuzi wa mgahawa. Mji wenyewe una mkono wake. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na mwaka 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, viharusi vipya kwa mwaka vilikuwa kama 109 kwa kila watu 100,000 wilayani Hai, na kama 316 Dar es Salaam. Siamini kwamba watu wa Dar es Salaam ni wazembe mara tatu kuliko watu wa Hai. Pakiwa na tofauti kubwa hivyo baina ya mahali na mahali, si haki kuitafuta sababu yote katika tabia ya mtu mmoja mmoja.

Mbona basi twapenda kusema kuwa amejitakia? Nadhani ni kwa sababu ya hofu. Tukimwona mtu wa rika letu amelala, mdomo umekwenda upande, moyo hutafuta ukuta wa kujitenga naye. Ikiwa yeye ameanguka kwa ajili ya sigara, nami sivuti, basi mimi ni salama. Lawama hiyo ni hirizi tuliyojifunga wenyewe huku tukiwacheka wenye hirizi. Nayo ina madhara mawili. Mgonjwa aliyesutwa huona haya. Mwenye haya hurudi kliniki mara moja, kisha hapaoneki tena, na kiharusi cha pili humkuta pale pale. Na sisi wasutaji, kwa kuwa tumejipa usalama, hatupimwi.

Tena lawama haielewi jinsi ilivyo vigumu kutii tiba ya ugonjwa usiouma. Mwenye homa hunywa dawa kwa sababu mwili humsukuma. Mwenye shinikizo la damu hutakiwa kumeza kidonge leo, kesho na kesho kutwa, pengine maisha yake yote, huku mwili ukimnong'oneza kwamba hana ugonjwa. Kidonge kikiisha akajiona mzima, hushawishika kudhani kuwa amepona. Kuiamini namba kuliko mwili wako mwenyewe ni kazi ya akili iliyofunzwa, na haimjii mtu kwa kukaripiwa. Humjia kwa kufundishwa na watu wanaomheshimu.

Jibu langu, basi, ni kwamba lawama na wajibu si kitu kimoja, ingawa hutembea pamoja. Lawama hutazama nyuma, nayo hutafuta mtu mmoja wa kubeba mzigo. Wajibu hutazama mbele, nao huugawa mzigo kwa kadiri ya nguvu za kila bega. Kijana aliye mzima ana wajibu wa kuupima mkono wake hata kama hasikii maumivu, na wa kuihesabu tumbaku kuwa deni. Jamaa wana wajibu wa kujua dalili tatu, yaani mdomo kwenda upande, mkono kulegea na maneno kuvurugika, na wa kwenda hospitali saa ile ile. Wenye dua na waione nafasi yao njiani na kando ya kitanda cha hospitali. Mwajiri na serikali wana wajibu wa kukileta kipimo mahali watu walipo, sokoni, kiwandani na msikitini na kanisani, kwa saa ambazo mtu wa kazi aweza kuja. Na sisi wa vyuo, ambao twajua namba na majina na miaka, tuna wajibu mkubwa kuliko tupendavyo kukiri: elimu iliyobaki katika lugha ya wachache haimwokoi mwenye duka wa Kariakoo.

Ama kwa aliyekwisha kuanguka, wajibu wetu kwake ni mwepesi kuutaja na mzito kuutimiza: tumhesabu bado ni mtu mzima. Pasteur aliishi miaka 27 baada ya kiharusi chake, na chanjo ya kichaa cha mbwa, iliyoanza kutumika kwa mwanadamu mwaka 1885, ilitoka katika mikono ya mtu aliyekwisha pooza upande mmoja. Si kila mgonjwa atakuwa Pasteur, kama vile si kila mzima alivyo. Lakini mwenye kusutwa kila siku hana nafasi ya kuwa hata nusu ya alivyokuwa.

Zile methali mbili, basi, zaweza kupatana tukijua pa kuziweka. Aliye kitandani apewe ya kwanza, wala asiongezewe neno. Aliyesimama apewe ya pili, naye aichukue kabla jua halijatua.